Gia boksi ya Mercedes au BMW ya mtumba inapoleta shida: kagua haya kabla ya kuishusha

Hukumu inayotolewa haraka kuliko zote gereji ni hii: "Bosi, gia boksi imekwisha, tutafute nyingine." Mara nyingi inatoka kabla mtu hajapima betri, hajasoma kodi za hitilafu kwenye kompyuta ya gari, wala hajui oili iliyomo ndani ina rangi gani. Mwenye gari anaingia Gerezani kwenye maduka ya spea Dar es Salaam, au kama yuko Nairobi anaingia Kirinyaga Road, ananunua gia boksi iliyotolewa kwenye gari lililogongwa, inafungwa, na baada ya muda dalili ileile inarudi, maana kilichokuwa kibovu ni waya, sensa au rejeta. Inaniuma kuona hivyo kwa mtu aliyejinyima miaka mingi ili apate gari zuri. Gia boksi kuanza kusumbua mapema hakumaanishi imekufa. Kuna mpangilio wa kukagua, kutoka kitu cha bei ndogo kwenda cha bei kubwa, na ukiufuata utaokoa fedha nyingi.

Nazungumzia zaidi Mercedes na BMW za miaka ya 2003 hadi 2014, ambazo ndizo zimejaa barabarani kwetu kutoka Japani na Uingereza. Mantiki yake, hata hivyo, inafaa kwa gari lolote la otomatiki la daraja hilo.

Jua kwanza una gia boksi gani

Hapa ndipo wengi wanapotea mapema. Mercedes C-Class ya umbo la W204, iliyotengenezwa kuanzia 2007 hadi 2014, watu wanaiita yote "saba gia". Siyo kweli. C180 na C200 Kompressor za mwanzo zina gia boksi ya gia tano, namba yake 722.6, mashine iliyoanza kutumika mwaka 1996. C300 na C350 ndizo zenye 7G-Tronic, namba 722.9, iliyoanza 2003. Kuanzia 2010 ikaja 7G-Tronic Plus, ambayo oili yake ni tofauti kabisa. Upande wa BMW, E60 (5 Series) na E90 (3 Series) nyingi zina gia boksi ya gia sita ya kampuni ya ZF, familia ya 6HP, lakini zipo E90 zenye ya GM. Land Rover Discovery 3 nayo inatumia ZF 6HP26, kwa hiyo mwenye Discovery anaweza kusoma sehemu za BMW hapa chini na akajikuta.

Tofauti hii ina uzito kwa sababu moja kubwa. Kwenye 722.6, kompyuta ya gia boksi imekaa nje, inaunganishwa kwa waya. Kwenye 722.9 na ZF 6HP, kompyuta imo ndani, imeloa kwenye oili pamoja na vavu bodi, lile bamba la vavu linaloelekeza presha ya oili kwenye gia. Hitilafu ya umeme kwenye ile ya kwanza inaweza kumalizwa kwa kipande kidogo cha plastiki. Kwenye hizi nyingine, kompyuta ikifa unahitaji mtu wa programu, siyo spana peke yake.

Namba ya chasisi inakwambia ni ipi. Mpe fundi au muuza spea namba hiyo kabla ya kuagiza chochote, hata chujio.

Betri, kodi, oili: usiruke hatua

Betri kwanza. Gari likiwa limelala usiku mzima, betri nzima isome karibu volti 12.6. Injini ikiwaka, alteneta iseme kati ya 13.8 na 14.5. Magari haya yana kompyuta nyingi zinazoongea zenyewe kwa zenyewe, na umeme ukishuka wakati wa kuwasha, kompyuta ya gia boksi inaweza kuamua kujilinda na kukataa kubadilisha gia. Wapo watu waliobadilishiwa vavu bodi kwa tatizo la betri iliyochoka na waya wa athi uliolegea.

Kisha kodi. Kile kifaa kidogo cha bluetuthi unachochomeka chini ya usukani na kusoma kwa simu, mara nyingi kinasoma injini tu. Ukiona P0700 peke yake, haijakwambia kitu: maana yake ni kwamba kompyuta ya gia boksi ina kodi yake, nenda ukaisome huko. Tafuta fundi mwenye mashine inayoingia kwenye kompyuta ya gia boksi yenyewe. Mwambie aandike kodi zote kwenye karatasi, azifute, mkaendeshe gari mpaka dalili irudi, kisha asome tena. Kodi iliyorudi ndiyo ya leo. Zile ambazo hazikurudi huenda zimekuwemo tangu gari liko Japani. Usikubali kodi zifutwe bila kuandikwa. Hilo ni kupoteza ushahidi.

Oili nayo ina mambo yake. Magari haya hayana stiki ya kupimia. Kwenye 722.6 kuna bomba lenye kifuniko ndani ya boneti, lakini ukilifungua hukuti stiki. Fundi anatakiwa awe na stiki yake maalumu na ajue joto la oili. Kwenye 722.9 hata bomba hakuna: oili inapimwa kutoka chini, injini ikiwa inaunguruma, lever ikiwa P, gari likiwa limekaa sawasawa, na oili ikiwa na joto la nyuzi 45. Inayozidi inamwagika yenyewe kupitia kimrija kilichomo ndani ya sampu, lile bakuli la oili chini ya gia boksi. ZF 6HP inafanana, unapima oili ikiwa kati ya nyuzi 30 na 50 kupitia nati ya ubavuni.

Nimeeleza kwa kirefu kwa sababu kosa la kipimo linazaa dalili zilezile za gia boksi mbovu. Oili ikipungua hata lita moja, pampu inavuta hewa kwenye kona na mlimani, gia zinateleza. Ikizidi, inapigwa na vyuma mpaka inatoa povu, na povu haliwezi kubeba presha. Fundi anayepima kwa kukisia, oili ya baridi, injini imezimwa, anaweza kukuharibia gia boksi nzima iliyokuja na tatizo dogo.

Gari limekwama gia moja na haliondoki kwa nguvu

Unaendesha vizuri, mara gari linakataa kubadilisha, injini inalia, na ukisimama kisha ukaondoka gari linakuwa zito kama limebeba mchanga. Hii ni modi ya dharura. Kompyuta imeona jambo ambalo haliamini, ikafunga gia moja ili ufike nyumbani. Kwenye 722.6 inabaki gia ya pili na rivasi.

Zima injini, subiri nusu dakika, washa tena. Gari likirudi kawaida kisha likaingia tena baada ya kilomita kadhaa, hasa likishapata joto, shuku umeme kabla ya vyuma. Jaribu pia kusukuma lever kushoto na kulia ukiwa D: kama gia kwenye dashibodi haibadiliki kabisa, uko kwenye modi ya dharura. Angalizo hapa: baadhi ya Mercedes zikiwa kwenye modi ya C (ya starehe) huondokea gia ya pili kwa makusudi. Bonyeza kitufe uweke S ndipo uhukumu.

Kwenye 722.6 mtuhumiwa wa kwanza ni soketi ya pini 13 iliyo ubavuni mwa gia boksi. Ina kipande cha plastiki chenye oringi mbili. Oringi zikikauka, oili inapenya ndani ya soketi, halafu inapanda ndani ya waya wenyewe, kidogokidogo, mpaka inafika kwenye kompyuta. Kuiona ni rahisi. Chomoa soketi, tazama pini: zikiwa zimeloa oili nyekundu au ya kahawia, umepata chanzo. Kisha nenda kwenye kompyuta yenyewe, chomoa plagi yake, futa kwa kitambaa cheupe. Kitambaa kikitoka na oili, safisha pande zote mbili kwa dawa ya kusafishia umeme, badilisha kile kipande cha plastiki, ongeza oili iliyopungua, na uwe tayari kusafisha tena baada ya wiki chache kwa sababu oili iliyobaki ndani ya waya itaendelea kushuka. Kipande chenyewe kinashikiliwa na bolti moja ndogo katikati. Ni kazi ya muda mfupi kwa fundi anayeijua, na ni kati ya vitu vya bei ya chini kabisa kwenye gari hilo.

Soketi ikiwa kavu, ingia ndani. Juu ya vavu bodi kuna kondakta pleti, bamba la plastiki lenye nyaya na sensa za spidi. Sensa zikifa, kompyuta haijui shafti inazunguka kwa kasi gani, hivyo inafunga. Kodi kama P0715 au P0717 zinaelekeza huko. Kwenye 722.6 unabadilisha pleti nzima, na pleti mpya haihitaji programu kwa sababu kompyuta iko nje. Ila fundi atumie spana ya kipimo: bolti za vavu bodi zinakazwa kwa Nm 8 tu. Akikaza kwa hisia ya mkono uliozoea lori, vavu bodi inapinda na unapata shida mpya.

Kwenye 722.9 hadithi ni ndefu zaidi. Sensa za spidi ni sehemu ya kompyuta iliyomo ndani ya oili, na kodi P2767 imekuwa maarufu kwa mafundi wa Mercedes duniani kote kwa sababu hiyo. Kompyuta mpya lazima iingizwe programu ya gari lako kupitia mfumo wa Mercedes. Kompyuta ya mtumba imefungwa kwa gari ilikotoka. Ukiichomeka tu, gari halitatembea mpaka mtu aifute na kuiandika upya. Kwa hiyo ukiambiwa "tumepata vavu bodi ya 7G kutoka gari lingine, tunafunga leo", uliza swali moja: nani ataifanyia programu, na kwa mashine gani? Jibu likiwa la kuzungukazunguka, simamisha kazi. Njia nyingine nzuri ni kuitoa kompyuta yako mwenyewe na kumpelekea mtaalamu wa elektroniki anayebadilisha zile sensa kwenye bodi. Inabaki na data zake, na inarudi kwenye gari lake.

Linagonga ukiweka D au R

Mshtuko mmoja mkubwa wa "dudu!" unapotoa P na kuingiza D, watu wanasema gia boksi inapiga. Kabla ya kuilaumu, fungua boneti, mtu akae ndani akanyage breki kwa nguvu, aingize D kisha R huku wewe unatazama injini. Injini ikiruka juu au kuegemea upande mmoja, mauntingi zimekwisha. Kagua pia maunti ya gia boksi yenyewe, ambayo oili inayovuja juu yake huilainisha mpaka ikawa kama uji.

Kisha ingia chini utazame raba ya propela shafti. Mercedes na BMW za kusukuma nyuma zina kipande kinene cha raba chenye matundu ya bolti, kinachounganisha gia boksi na propela. Kwa barabara zetu za matuta na mashimo raba hii inapasuka. Weka bisibisi kwenye mikunjo yake, ifungue kidogo: nyufa zikifika kwenye nyuzi za ndani, hiyo ndiyo inayogonga. Beringi ya katikati ya propela na bushi za difu zinafuata.

Hivi vyote vikiwa vizima, na mshtuko unakuja pia gari likibadilisha kutoka gia ya pili kwenda ya tatu au likishuka gia kabla ya kusimama, sasa angalia ndani. Kwenye ZF 6HP, sababu ya kawaida ni sili ndogo kati ya mekatroniki (vavu bodi na kompyuta yake kwa pamoja) na bodi ya gia boksi, pamoja na vile virija vya raba vinavyopitisha presha. Raba inakauka kwa miaka na joto, presha inavuja ndani kwa ndani, kompyuta inajaribu kufidia kwa kuongeza nguvu, na wewe unasikia kipigo. Zinauzwa kama seti. Fundi anashusha sampu na mekatroniki, anabadilisha, anarudisha. Gia boksi yenyewe haishuki. Fanya hivyo kabla ya kusikiliza habari ya ovaholi.

Mtetemo ukiwa spidi ya 60 hadi 90

Unatembea Bagamoyo Road kwa mwendo wa kawaida, mguu mwepesi kwenye mafuta, gari linatetemeka sekunde mbili tatu kama linapita juu ya vijituta vidogo, kisha linatulia. Ukikanyaga zaidi, halipo. Hapa watuhumiwa ni wawili wakuu: klachi ya ndani ya toki konveta (kiungo cha oili kati ya injini na gia boksi), inayofunga ili kuokoa mafuta, au silinda ya injini isiyochoma vizuri.

Kuwatenganisha kunawezekana. Kwenye barabara tupu, mtetemo ukiwa unaendelea, gusa breki kidogo tu kwa mguu wa kushoto huku unashikilia mafuta palepale. Kwenye magari mengi kompyuta ikiona taa ya breki inafungua klachi ya konveta. Mtetemo ukikatika ghafla, konveta ndiyo. Usipokatika, mwambie fundi asome idadi ya misfaya (mara silinda iliposhindwa kuchoma) kwa kila silinda. Plagi na koili za magari haya huleta mtetemo unaofanana kabisa, na nimeona zaidi ya konveta moja zikilaumiwa kwa kosa la koili. Kodi P0741 nayo inaelekeza kwenye klachi ya konveta.

Ila kuna chanzo cha tatu ambacho ni cha hatari, na hapa naomba usome polepole. Kwenye magari ambayo kipoza oili ya gia boksi kimejengwa ndani ya rejeta, ukuta kati ya oili na kulanti (maji ya kupoza injini) ukitoboka, maji na glaikoli vinaingia kwenye gia boksi. Mercedes za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilijulikana sana kwa hili, lakini rejeta yoyote kuukuu inaweza. Dalili ya kwanza ni mtetemo huohuo. Glaikoli inashambulia gundi inayoshika bitana za klachi, na maji yanazivimbisha mpaka zinabanduka. Chota oili kidogo: ikiwa ya waridi yenye ukungu badala ya kuona kupitia, au tone lake likipasukapasuka ukilidondosha juu ya bati la moto, umepata maji. Fungua na chupa ya kulanti utazame kama kuna utando wa oili juu. Ukiona hayo usiendeshe, hata mpaka nyumbani. Rejeta mpya kwanza, kisha oili ibadilishwe yote pamoja na iliyomo kwenye konveta, zaidi ya mara moja, na mrija wa oili usafishwe. Ukiwahi mapema gia boksi inapona. Ukichelewa, hakuna dawa nyingine ila kuifungua.

RPM inapanda, gari halifuati

Hii ndiyo dalili ninayoihofia zaidi. Unakanyaga kupita lori, mshale wa RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) unaruka kutoka 2,500 hadi 4,000, gari linabaki palepale kwa sekunde, kisha linashika. Klachi pleti zinateleza. Kodi yake ya kawaida ni P0730, uwiano wa gia usio sahihi.

Anza na oili, kiasi chake na hali yake. Ikiwa imepungua, tafuta inapovujia: kwenye ZF sehemu mbili maarufu ni kile kikombe cha plastiki kinachozunguka soketi ya mekatroniki, na sampu ya plastiki yenyewe, ambayo hupinda au kupasuka na inabadilishwa pamoja na chujio lililomo ndani yake. Ziba, jaza kwa kipimo sahihi, weka upya mafunzo ya gia boksi (yale kompyuta iliyojifunza kuhusu kubadilisha gia) kwa mashine, endesha. Mara nyingi kuteleza kunaisha hapo ikiwa hukuchelewa.

Likiteleza kwenye gia moja tu, tuseme ya tatu kwenda ya nne, huenda ni solenoidi (vavu ya umeme) au sili ya sehemu hiyo. Likiteleza kwenye gia nyingi, na oili inanuka kuungua, na ulipandisha mlima Kitonga katika hali hiyo na mzigo, basi klachi zimechomeka. Hapo usipoteze fedha kwa sensa. Kila kilomita unayoongeza inamwaga unga zaidi kwenye vavu bodi na kipoza oili.

Asubuhi linachelewa kuondoka. Na lile lisilotoka P

Ukiingiza R asubuhi na gari likakaa sekunde tatu kabla ya kushika, lakini mchana halifanyi hivyo, kwa kawaida oili imepungua au imeshuka kutoka kwenye konveta usiku kucha, au sili zimekakamaa. Pima oili, badilisha na chujio, uone.

Gari likikataa kabisa kutoka P, mwombe mtu asimame nyuma atazame taa za breki. Zisipowaka ukikanyaga, ni swichi ya pedeli, kitu kidogo. Zikiwaka, uliza kama kuna mtu alimwaga soda au juisi karibu na lever. Mercedes nyingi zina elektroniki pale chini ya lever, na sukari ikikauka juu yake inaua kila kitu.

Kusoma sampu

Sampu ikishushwa uwepo mwenyewe. Ndani kuna sumaku. Utaona imevaa tope la kijivu, laini, likisugulika kati ya vidole kama grisi. Hiyo ni kawaida kwa gari lililotembea kilomita 100,000 na usitishwe nayo. Paka kidogo kwenye karatasi nyeupe, lisambaze. Kama ndani yake kuna vipande vinavyong'aa, vyenye kingo unazozihisi kwa kucha, hivyo ni vya beringi au gia. Vumbi jeusi lisiloshikwa na sumaku ni bitana za klachi. Rangi ya shaba au dhahabu ni bushi. Piga picha, zihifadhi, na kata chujio la zamani utazame ndani yake, maana mengi yanakwama huko yasifike kwenye sampu.

"Ukibadilisha oili itakufa"

Msemo huu umeua gia boksi nyingi. Chanzo chake ni kwamba watu husubiri mpaka gari linateleza ndipo wanabadilisha. Likifa wiki inayofuata, lawama inaangukia oili mpya. Upande mwingine kuna wale walioambiwa oili ni ya maisha ya gari. ZF wenyewe, waliotengeneza 6HP, wanashauri ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000, au ikifika miaka minane. Mercedes nao wana ratiba ya kubadilisha oili ya 7G. Na ratiba hizo haziandikwi kwa kuwazia foleni ya Mandela Road saa kumi na moja jioni, gari linanyemelea, joto la nje nyuzi 33, oili inapikika. Kwetu mimi nasema kila kilomita 60,000, chujio na gasketi pamoja.

Oili iwe ya kiwango kilichoandikwa, siyo "ATF nyekundu nzuri" ya duka lolote. 722.6 na 7G ya kawaida zinachukua MB 236.14. 7G-Tronic Plus inachukua 236.15, ambayo ni ya buluu, na hazichanganywi. ZF 6HP ina Lifeguard 6. Kwa gari ambalo hujui historia yake, usikubali mashine ya kusukuma oili kwa presha. Mwaga, badilisha chujio, jaza, tembea kilomita elfu kadhaa, rudia. Karibu nusu ya oili hubaki kwenye konveta mara ya kwanza, ndiyo maana kurudia kuna faida.

Likikusimamisha njiani, na ikibidi kununua nyingine

Likiingia modi ya dharura, endesha polepole mpaka mahali salama, usipande mlima nalo. Halitembei kabisa? Brekidauni ya kubeba, yenye jukwaa. Ukilivuta magurudumu ya nyuma yakiwa chini, pampu ya oili haizunguki injini ikiwa imezimwa, na shafti zinasagika kavu.

Ukifikia kununua gia boksi ya mtumba, kwanza linganisha namba kwenye kibati chake na yako, herufi kwa herufi; jina la gari pekee halitoshi. Chukua na konveta yake. Mwambie muuzaji afungue sampu mbele yako palepale dukani, usome sumaku kama nilivyoeleza, na muda wa majaribio aliokuahidi auandike kwenye risiti. Gereji, kabla haijafungwa, kipoza oili na mirija yake visafishwe au vibadilishwe, kwani vimejaa vyuma vya gia boksi iliyokufa na vitaua mpya pia. Oili sili ya nyuma ya injini na ile ya mbele ya gia boksi zibadilishwe sasa wakati zinafikika. Ikishafungwa, kompyuta iandikwe kwa gari lako, mafunzo yawekwe upya, oili ipimwe kwa joto lake. Rudi baada ya kilomita 1,000, pima tena, soma kodi tena, na utazame chini ya gari kama kuna tone.